Sekunde Nane Mbele ya Lenzi: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Wapanda Fahali Kwenye Rodeo

Usiku wangu wa kwanza kwenye ukumbi wa rodeo wa Cowtown Coliseum, Fort Worth, Texas, nilirudi nyumbani na picha mia sita na ushee. Nilipozifungua kwenye kompyuta, karibu zote zilikuwa za makalio ya ng'ombe. Nyingine zilikuwa vumbi tupu, na moja, kali kama wembe, ilikuwa ya bango la tangazo la magari huku mpandaji akiwa ukungu mbele yake. Kamera haikuwa na kosa, wala lenzi. Kosa ni kwamba nilikuwa nasubiri geti lifunguke ndipo nianze kufikiri, na geti likishafunguka hakuna tena muda wa kufikiri.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla fahali hajatoka. Nimeuandika kwa ajili ya Waswahili tulioko Marekani na Kanada, ambako rodeo, yaani mashindano ya makauboi, haiko mbali, na kwa yeyote anayepanga safari ya huko akiwa na kamera begani. Kama umekulia Kakamega ukitazama mafahali wakipigana, au Pemba kwenye mchezo wa ng'ombe, una mtaji tayari: unajua kusoma masikio na shingo ya fahali. Kilichobaki ni kujifunza sheria za wenzetu.

Hatua ya 1: Ujue mchezo kabla ya kuijua kamera

Mpandaji anatakiwa kukaa mgongoni mwa fahali kwa sekunde 8, ameshika kamba kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili unabaki hewani. Ukimgusa fahali, au ukamgusa mpandaji mwenyewe, pointi zimekwenda. Pointi zote ni 100: nusu ni za mpandaji, nusu ni za fahali. Ndiyo maana utamwona kijana amekaa vizuri hadi honi inalia, lakini anashuka amenuna. Fahali wake aliruka kivivu, na pointi za upande ule zimekuwa chache. Kupita 90 ni jambo la kusimuliwa.

Kuna kamba mbili, usizichanganye. Ya kwanza inamzunguka fahali kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Hiyo ndiyo ya kushikia. Mpandaji huisugua kwa ulimbo mkavu hadi inate, akaizungushia kiganjani juu ya glavu. Chini yake huning'inia kengele, na uzito wa kengele hiyo ndio unaoivuta kamba idondoke mpandaji akishaachia. Kamba ya pili iko kiunoni, mbele ya miguu ya nyuma. Watu wengi huapa kwamba imefungwa kwenye korodani. Sivyo. Inapita kiunoni, na fahali hurusha miguu ya nyuma akitaka kuitoa. Ukipiga picha ya ubavuni utaiona wazi, na nakuhakikishia utaulizwa habari zake na kila utakayemwonyesha picha hiyo.

Uwanjani kuna pia watu wawili au watatu wa miguu, wamevaa kaptura pana au jezi na viatu vya mpira. Kazi yao ni kumvuta fahali aache mtu aliyeanguka. Mimi huwaita waokozi. Usiwachanganye na mchekeshaji, yule mwenye pipa, ambaye kazi yake ni kuwashangaza watazamaji kati ya fahali mmoja na mwingine. Waokozi ndio watakaokupa nusu ya picha zako nzuri, tutawarudia.

Hatua ya 2: Chagua rodeo, kisha omba nafasi

Kila mtu hukimbilia kuota zile kubwa: Houston, ambayo huwa mwezi Machi ndani ya uwanja mkubwa wa mpira wa Kimarekani, Cheyenne Frontier Days kule Wyoming, iliyoanza 1897 na hufanyika Julai, Calgary Stampede ya Kanada, nayo Julai, na fainali za taifa mjini Las Vegas kila Desemba. Nenda ukatazame, ni jambo la kuona. Lakini usizitegemee kwa kujifunzia. Ukiwa kwenye kiti cha juu uwanja ule, mpandaji ni mdudu, na kupata kitambulisho cha mwanahabari ni kazi.

Anza na ndogo. Rodeo za wilaya, za shule za sekondari, na yale mazizi ya mazoezi ambako vijana hujifunza jioni katikati ya wiki. Pale Fort Worth, Cowtown Coliseum ina rodeo karibu kila wikendi, na jengo lenyewe, la mwaka 1908, ni dogo kiasi kwamba hata kiti cha kawaida kinakuweka karibu na uwanja. Eneo hilo hilo la Stockyards kuna sanamu ya Bill Pickett, kauboi Mweusi wa Texas aliyeanzisha mchezo wa kumrukia ndama dume kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa pembe. Jina lake limepewa rodeo ya kuzunguka miji, Bill Pickett Invitational Rodeo, iliyoanza 1984 kwa ajili ya wachezaji Weusi. Ikipita mji wako, usiikose: watu ni wachangamfu, mavazi yamepigwa pasi, farasi wamesukwa manyoya, na hakuna atakayekuuliza mtu kama wewe unatafuta nini kwenye rodeo.

Kuomba nafasi kuna namna yake. Mwandikie katibu wa rodeo wiki nne au sita kabla. Sema wewe ni nani, tuma picha kumi tu za michezo ulizowahi kupiga, hata za mpira wa mtaani, na useme utawapa picha ngapi bure baada ya onyesho. Usiseme "nataka kujifunza" peke yake. Hakuna kamati inayopenda mwanafunzi karibu na fahali. Rodeo zilizo chini ya vyama vikubwa kama PRCA (cha makauboi wa kulipwa) na PBR (cha wapanda fahali wa kulipwa) zina utaratibu wao wa vibali, na mara nyingi kuuza picha kunahitaji ruhusa ya pekee. Uliza mapema. Ukienda na tiketi ya kawaida, soma masharti ya ukumbi kwanza, maana kumbi nyingi huzuia lenzi ndefu mlangoni, na kurudi kwenye gari huku wimbo wa taifa unaimbwa ni uchungu.

Hatua ya 3: Vifaa

Lenzi ya milimita 70-200 yenye f/2.8 (f ni upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia) ndiyo mfanyakazi. Ukiwa nje kwenye jua, ya 100-400 nayo inafaa sana. Kwa kazi ya nyuma ya vizimba, vile vyumba vyembamba vya chuma ambamo mafahali husubiri, beba lenzi fupi, 24-70 au hata 35 moja. Ukiwa na kamera mbili, weka kila lenzi kwenye kamera yake usibadilishe kabisa: vumbi la uwanja wa rodeo ni udongo uliochanganyika na samadi iliyokauka, likiingia kwenye sensa utalipa fundi. Mwenye kamera moja abadilishie lenzi chooni au ndani ya gari, mlango umefungwa.

Batri mbili, kadi mbili, kipulizio cha mpira cha kupeperushia vumbi, kitambaa, mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera. Mguu mmoja wa kamera unasaidia usiku mrefu, ila miguu mitatu iache nyumbani; itawakwaza watu, nawe utashindwa kukimbia. Fleshi pia iache, labda kwa picha za nyuma ya vizimba na kwa ruhusa. Wakati wa kupanda, kummulikia fahali na mpandaji usoni si ustaarabu na kumbi nyingi hazikubali.

Vaa buti na suruali ndefu. Kama umevaa kofia, ivue wakati wa sala na wimbo wa taifa. Watu wa rodeo wanaliangalia sana hilo, na atakayekuona umeivua ndiye huenda akakuruhusu kupanda jukwaa la nyuma baadaye.

Hatua ya 4: Mipangilio, ukiwa bado umetulia

Panga kamera saa nzima kabla, kisha usiiguse ovyo. Hivi ndivyo ninavyoanza (shata ni muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu za sekunde; ISO ni unyeti wa kamera kwa mwanga, na ikipanda sana picha huwa na chengachenga):

- Nje, jua kali: shata 1/2000, f/4, ISO 400 hadi 800.
- Nje, jua likizama: shata 1/1250, f/2.8, ISO ipande kadiri inavyotaka.
- Ndani ya ukumbi: shata 1/1000, f/2.8, ISO 3200 hadi 6400.

Ukumbi ukiwa na giza sana unaweza kushuka hadi 1/640, lakini ujue kwamba mkono huru wa mpandaji na kwato za nyuma zitaanza kuwa ukungu. Kati ya chengachenga za ISO na ukungu, chagua chengachenga. Programu za siku hizi huzisafisha, ukungu hausafishiki.

Weka fokasi ya kufuatilia, ile inayoandikwa AF-C au Servo kutegemea kamera yako. Hamisha kazi ya fokasi iende kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON, ubonyeze kwa dole gumba. Faida yake ni hii: mwokozi akikatiza mbele ya lenzi, unaachia dole gumba, fokasi inabaki palepale kwa mpandaji, nawe unaendelea kupiga kwa kidole cha shahada. Tumia kikundi kidogo cha nukta za fokasi katikati badala ya fremu nzima, la sivyo kamera itapenda mabango kuliko watu. Kamera zinazotambua uso na jicho hufanya vizuri kwa mpandaji wa kofia. Kwa vijana wengi wanaovaa helmeti yenye vyuma usoni, hubabaika. Hapo lenga fulana ya kinga kifuani.

Sasa taa. Taa za kumbi nyingi, hasa za zamani, hupepesa mara 120 kwa sekunde kwa umeme wa Marekani. Jicho halioni, shata ya 1/1000 inaona. Piga picha kumi mfululizo za geti tupu, uzipitie: kama moja ni ya njano, nyingine ya kijani, nyingine imefifia, washa kipengele cha kuzuia mpepeso. Kamera itapunguza kasi kidogo ikisubiri taa iwake kikamilifu. Tumia shata ya mitambo. Ile ya kielektroniki, kwenye kamera nyingi, itakuletea michirizi ya giza na kupindisha pembe za fahali. Rangi usiiachie kamera ijiamulie. Pima mwanga kwenye kitu cheupe kilicho chini ya taa zilezile, ufunge hapo, na upige kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Hatua ya 5: Maswali matatu kabla geti halijafunguka

Hapa ndipo nilipopoteza usiku wangu wa kwanza, na hapa ndipo nataka ukae.

Fahali husimama ndani ya kizimba chembamba cha chuma, ubavu wake ukiwa uwanjani. Mpandaji anamshukia taratibu kutoka juu. Anavuta kamba, anajipangia vidole, anasogea mbele hadi karibu akalie mkono wake, kisha anatikisa kichwa. Geti linavutwa. Kuanzia anapokalia mpaka anapotikisa kichwa inaweza kuwa nusu dakika, au dakika nzima fahali akiwa msumbufu. Muda huo ndio wa kujiuliza maswali matatu.

La kwanza: kichwa cha fahali kimeelekea wapi? Vizimba vingine fahali hutazama kushoto, vingine kulia. Atatokea kichwa kwanza, akigeukia uwanjani. Simama mahali ambapo mgeuko huo utamleta uso kwa uso na wewe, si ubavu, na wala si mkia. Kwa kawaida ni hatua kumi hadi ishirini pembeni mwa kizimba, upande ule kichwa kilikoelekea. Kama vizimba vya usiku huo vinatazama pande zote mbili na wewe huwezi kuhama, chagua upande wenye mafahali wengi kwenye orodha na usijutie wengine.

La pili: mkono upi uko kwenye kamba? Akishika kwa kulia, mkono huru ni wa kushoto. Ukiwa upande wa mkono huru, utapata mkono ule umetanuka hewani, picha ya kauboi wa mabango, lakini mara nyingine utapita mbele ya uso wake ukaufunika. Ukiwa upande wa kamba, utaona glavu, ulimbo, mishipa ya mkono na uso wake wote. Mimi napenda mbele-pembeni upande wa kamba, kwa sababu uso ndio unaonihusu. Wengine wanabisha, na picha zao si mbaya.

La tatu: fahali huyu ana tabia gani? Kila rodeo ina orodha ya siku, karatasi inayoonyesha nani atampanda fahali yupi. Iombe kwa katibu, ipige picha kwa simu, itie mfukoni. Kisha nenda nyuma ukamuulize mwenye mafahali, kwa adabu: "Huyu huzungukia wapi?" Wenye mafahali wanawajua wanyama wao kama mama anavyowajua wanawe. Atakwambia huyu huruka mara mbili mbele kisha huzunguka kushoto. Yule hukimbia moja kwa moja hadi katikati. Yule mwingine hurudi kwenye uzio. Andika "kushoto" au "kulia" kando ya jina. Watatu kati ya wanne watafanya vilevile alivyosema. Wa nne atakufundisha unyenyekevu.

Baada ya hapo, weka fokasi kwenye uso wa mpandaji akiwa bado kizimbani, dole gumba limeshika, macho yote mawili wazi. Usitazame geti. Tazama kofia. Kofia ikitikisika, anza.

Hatua ya 6: Ndani ya ruko moja

Usishikilie kitufe sekunde nane zote. Kamera ya picha kumi kwa sekunde itakupa picha themanini, kumbukumbu ya ndani itajaa, na itasimama kupumua wakati hasa mtu anarushwa hewani. Piga mafungu mafupi ya picha tatu hadi tano, kila fungu kwa ruko lake.

Ruko la fahali lina vipande viwili. Kwanza sehemu ya mbele inanyanyuka. Mpandaji anainamia mbele, kidevu kifuani, karibu abusu nundu. Halafu kwato za mbele zinagonga chini na za nyuma zinarushwa juu. Hapo mpandaji analala nyuma, mkono huru unakwenda angani, matamvua ya vazi la ngozi alilovaa juu ya suruali yanafunguka kama mbawa. Kipande cha pili ndicho picha. Kichwa cha fahali kiko chini, miguu ya nyuma iko juu kupita kofia ya mtu. Ukisubiri uione ndipo ubonyeze, umechelewa. Anza fungu lako sehemu ya mbele inaponyanyuka, na picha ya tatu au ya nne itaangukia palepale.

Akianza kuzunguka, mambo ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Kila mzunguko anakupa mgongo mara moja na uso mara moja. Akikupa mgongo, shusha pumzi. Akianza kugeuka, bonyeza. Ukishakamata mdundo wake, ni kama kumpigia makofi mchezaji wa ngoma.

Acha nafasi kwenye fremu. Hapo wanaoanza hukosea sana: wanavuta lenzi hadi mwisho, halafu kwato zinakatwa, au mkono huru unaishia kwenye kiwiko. Kwato nne, mkono wote, kofia yote. Utakata pembeni ukifika nyumbani. Na piga ukiwa chini. Ukichuchumaa, lenzi ikiwa kimo cha tumbo la fahali, mnyama anakuwa mlima na unamwona mpandaji uso ulio chini ya ukingo wa kofia; ukisimama, utapata kofia tu. Saa za mchana kivuli cha kofia ni tatizo la kudumu. Udongo wenyewe hurudisha mwanga kidogo usoni, na aliye chini ndiye anayeuona.

Hatua ya 7: Honi imelia, usishushe kamera

Julai 1989 pale Cheyenne, Lane Frost, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alimaliza sekunde zake 8 akashuka. Fahali akageuka akampiga mgongoni, na Frost akafa. Kifo hicho ndicho kilichomsukuma mwenzake, Cody Lambert, kubuni fulana ya kinga ambayo leo unaiona kifuani mwa kila mpandaji. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, ujue kwamba mtu unayempiga picha anafanya kazi inayoua. Pili, hatari haiishi kwa honi, na picha haziishi.

Baada ya honi, au baada ya kuanguka, hutokea mambo haya kwa sekunde tatu au nne: mpandaji analegeza kamba, anatupwa, waokozi wanaingia, fahali anachagua wa kumfuata. Panua lenzi mara moja, kutoka 200 kuja 100 au 70, kwa sababu sasa watu ni watatu na si mmoja. Jihadhari hasa na mpandaji anayeangukia upande usio wa mkono wake wa kamba. Mkono hubana, kamba haiachii, naye huburuzwa ubavuni mwa fahali. Mwokozi mmoja atakwenda kichwani mwa fahali, mwingine atarukia kamba kuifungua. Hiyo ndiyo picha ngumu na yenye utu kuliko zote za usiku, na wengi huikosa kwa kuwa wako wanaangalia skrini ya nyuma kuona kama walipata ile ya kwanza. Skrini izime. Utaangalia fahali akishafungiwa.

Mtu akiumia akalala, hapo nashusha kamera madaktari wa uwanjani wakifika, isipokuwa niko kazini kwa gazeti. Ni uamuzi wangu, wewe utafanya wako, lakini kumbuka familia yake iko jukwaani nyuma yako.

Na wewe mwenyewe: kaa nje ya uzio. Fahali hawa hufika kilo 700 na zaidi, na huwa wanagonga mabomba ya uzio makusudi. Lenzi isichomoze upande wa ndani, maana bomba likisukumwa kamera itakurudi usoni. Usisimame mbele ya geti la kutokea mafahali. Weka mguu mmoja tayari kwenye bomba la pili la uzio ulio nyuma yako, kama upo, na ujue utapanda wapi kabla hujalazimika kupanda.

Hatua ya 8: Nyuma ya vizimba

Fika mapema, muda wa saa moja na nusu kabla ya onyesho. Wapandaji wamekaa chini wamefunga kamba kwenye uzio, wanazisugua ulimbo hadi moshi mwembamba unatoka kwenye glavu. Mmoja anajifunga plasta kifundoni, akikata kwa meno. Mwingine amesimama peke yake amegeukia ukuta, anarusha kiuno mbele na nyuma, anapanda fahali asiyeonekana. Hapa ndipo lenzi ya 35 inapolipa nauli yake. Shata 1/250 inatosha.

Omba ruhusa kwa macho angalau. Anayefumba macho kusali, mpe dakika yake. Piga moja kwa mbali ukiweza, usimsogelee. Ukiruhusiwa kupanda jukwaa la juu ya vizimba, simama nyuma ya wale wanaomvutia mpandaji kamba, na usitie mkono wala mkanda wa kamera ndani ya kizimba. Fahali akirusha kichwa, anachukua chochote.

Hatua ya 9: Mwendo, kwa makusudi

Ukishajaza picha kumi salama, jaribu kinyume chake. Shusha shata hadi 1/40, ISO chini kabisa, umfuatishe fahali kwa kiuno chako chote anapokimbia kukatiza mbele yako. Mabango yatakuwa mistari ya rangi, na ukibahatika kofia na uso vitabaki. Moja kati ya hamsini itafaa. Kisha, tafadhali, rudisha 1/1000. Mimi nilisahau mara moja, na mpandaji aliyefuata ndiye aliyeshinda usiku ule. Ninazo picha zake zote, na hata mama yake hatamtambua.

Hatua ya 10: Mezani

Kila mpandaji akimaliza, piga picha moja ya ubao wa pointi. Hiyo ni alama ya kutenganisha, na inakupa jina, fahali na pointi bila kuandika kitu. Ukiilinganisha na ile orodha ya siku, maelezo ya picha yanajiandika.

Kuchagua ni kwa ukatili. Mkia nje. Uso haupo, nje, isipokuwa mkono na kwato zinasema kitu. Picha mbili zikifanana, baki na ile ambayo kwato za nyuma ziko juu zaidi. Nyoosha upeo kwa kufuata nguzo za uzio. Vumbi usilifute, punguza tu utando wake kidogo ili weusi urudi. Kutoka usiku wa fahali thelathini, kumi na tano nzuri ni mavuno makubwa.

Tuma usiku uleule. Mpandaji ataangalia kwanza miguu yake, kama vidole vimeelekezwa nje na visigino vimeshika, kisha mkono huru, kisha sura. Usishangae akiikataa picha unayoipenda kwa sababu mguu ulilegea. Na tuma nakala kwa mwenye fahali, maana nusu ya pointi zile ni zake, na wapiga picha wengi humsahau. Chagua ile ambayo fahali amejikunja vizuri kuliko zote, hata kama mpandaji tayari yuko hewani kichwa chini. Atainunua, ataitundika ofisini, na hatauliza yule kijana ni nani.